Miaka Arobaini Pipani, Mmoja Chupani

Alhamisi, Azaiba, huku Omani. Joto la leo halina adabu. Kiyoyozi kinanguruma na bado shuka limelowa. Nimeamka na hasira, na sitaki ipoe kabla sijaandika.

Juzi hotelini tulikuwa na wageni kumi na wawili wa chakula cha jioni. Mimi ni mhudumu wa mvinyo, kazi niliyoipata baada ya miaka mitatu ya kubeba sahani. Mwishoni ikafunguliwa chupa ya porto, ule mvinyo mtamu na mkali wa Ureno. Kabla ya kumimina nikaonja kidogo, kama kazi inavyotaka.

Nikaonja tena.

Wekundu wote ulikuwa umekwisha, imebaki rangi ya chai kavu iliyokolea. Harufu ya tini, ganda la chungwa, korosho za kukaanga, na mbao kuukuu kwa mbali. Utamu ulitangulia, ukali ukaukata, na ladha ikanibaki mdomoni mpaka nilipomaliza kuwamiminia wote. Mama yangu kule Kibosho anapika mbege, pombe yetu ya ndizi. Pua hii nimerithi kwake, na siionei haya.

Mvinyo ule ulikaa kwenye pipa la mbao karibu miaka arobaini. Pipa ndilo lililoufifisha wekundu na kuupa ile harufu ya korosho. Chupani umetiwa mwaka jana tu. Yote yameandikwa: mwaka wa mavuno mbele kwa herufi kubwa, mwaka wa kutiwa chupani nyuma kwa herufi za kuchungulia.

Meneja wa mgahawa hakuigeuza chupa. Akawaambia wageni kwamba imelala gizani miaka yote hiyo, mvinyo ukizidi kunoga humo humo ndani ya kioo. Mama mmoja wa makamo akanigeukia, akauliza kama anaweza kununua moja aiweke miaka ishirini zaidi, mwanawe aje kuifungua siku ya harusi yake.

Ningeweza kutabasamu tu.

Nikamwambia hapana. Porto ya namna hii huzeekea pipani. Ikishatiwa chupani, hakuna itakachoongeza. Ainywe sasa. Nikamwonyesha maandishi ya nyuma. Akacheka, akanishukuru. Meneja hakucheka.

Jana akaniletea barua ya onyo: eti nimemdhalilisha mbele ya wageni, nisaini. Niliogopa, nakiri. Kibali changu cha kuishi hapa kimefungwa na kazi hii, na binti yangu yuko shule ya bweni.

Sikusaini.

Tukaenda na meneja kwa Bi Salma wa ofisi ya wafanyakazi, Mwomani ambaye wazazi wake walitoka Unguja. Hajawahi kuonja pombe maishani mwake, wala hataki. Ile chupa tupu niliyomletea aliishika kwa tishu, kwa ncha za vidole, akavaa miwani, akaigeuza.

"Mie ulevi siujui," akaniambia, "lakini kusoma nnajua. Hapa pameandikwa mwaka jana. Sasa wewe mwanangu umekosa nini?"

Kisha akamgeukia meneja, akayarudia yote kwa Kiingereza, polepole.

Barua haikuingia kwenye faili. Ila ratiba anapanga meneja, na leo nimekuta jina langu limehamishiwa kwenye kifungua kinywa, kuanzia Jumapili. Anasema nikiomba radhi nitarudi kwenye mvinyo.

Kwa mlango huo sirudi.

Nakiri na hili: niliona raha kuigeuza ile chupa. Raha tele. Labda ningemnong'oneza yule mama pembeni. Kwa hilo ningeomba radhi leo hii. Lakini anachotaka ni niombe radhi kwa kusema kweli.

Mchana nimejaza fomu ya mtihani wa kuonja mvinyo, ule ninaoukimbia kila mwaka kwa kuogopa Kiingereza chake. Ni mwezi ujao. Jumapili nitakamua machungwa, tena nitayakamua vizuri.

Kwenye fomu waliuliza kazi yangu ya sasa. Nimeandika: mhudumu wa mvinyo.