Mwanafunzi Aliyekanwa

Jumanne, 7 Oktoba
Jagoda amevuka raundi ya kwanza! Binti yangu, binti wa dereva wa tramu — katika shindano la piano la Chopin, hapa Warszawa, mbele ya majaji wa mataifa! Jirani yangu Zdzisław alinidaka ngazini: "Haya, Mzee Barua! Safari hii umemwandikia nani, Chopin mwenyewe?" Acheke tu. Chumba cha mazoezi binti yangu alikipata kwa maombi yangu, yaliyoandikwa kwa lugha iliyonyooka.

Jumatano, 8 Oktoba
Ukumbini nilimwamkia Profesa Krukowska kwa adabu zote. Ni jaji. Amemfundisha Jagoda nyumbani kwake tangu utotoni. Kila sikukuu ya mtakatifu wa jina lake nimempelekea maua. Alikuwa amesimama na majaji wenzake wawili.
"Samahani, bwana, tunafahamiana?"
Tunafahamiana! Nilibaki na kofia mkononi.

Alhamisi, 9 Oktoba
Sasa nimefahamu; kanuni na matamko ya majaji yamebandikwa ukumbini. Kanuni inamkataza jaji kumpigia kura mwanafunzi wake. Profesa amewatamkia wenzake kwamba hana mwanafunzi shindanoni. Kwa hiyo anampigia Jagoda kura.
Nilimweleza Jagoda taratibu, nikihofia kumvunja moyo. Aliendelea kumenya yai.
"Najua, baba. Tulikubaliana tangu kiangazi."
"Na mimi hamkuniambia?"
"Ungeandika barua."
"Ningeandika ukweli!"
"Ndiyo hiyo barua niliyoiogopa, baba. Kila mshindani ana mtu wake pale. Mimi nina yeye."
"Una mimi."
"Wewe huna kura."
Akatia chumvi, akala.

Ijumaa, 10 Oktoba
Nimeandika. "Kwa heshima na taadhima, mimi niliyetia saini hapa chini, mzazi wa mshindani…" Sijapata kuandika sentensi iliyosimama wima kama hii. Wala iliyonichoma hivi. Ikipokewa, Jagoda ataondolewa.
Niko kwenye benchi, nje ya ofisi ya malalamiko. Hufungwa saa sita.
Jagoda yuko jukwaani. Mazurka zake, zile ngoma za Kipolandi za Chopin, zinafika hadi koridoni. Lile pigo la pili analichelewesha kidogo tu, kama mtu anayesita kizingitini. Ni mkono wa Krukowska kabisa. Mwenye masikio haulizi nani alimfundisha. Majaji wote wana masikio — na wamenyamaza!
Karani amechungulia. "Mzee, unaingia au nifunge?"
Nimemwomba anisubiri, muziki uishe.
Umekwisha. Makofi, makofi makubwa. Karani bado ameshika kitasa, na barua bado iko magotini pangu —