Matabishi Yamekwisha Sokoni

Jumatatu, 4 Juni 1956. Kindu.
Soko la Kasuku tena. Miguu inauma. Bei ya kopo la mchele imepanda, lakini bei peke yake ni mwongo. Mimi naangalia matabishi, ile nyongeza ya muuzaji. Mama muuzaji akijaza kopo mpaka lifanye kilima, kisha akakuongezea konzi ya bure, bei yake haina nguvu, hata aitangaze namna gani. Akilisawazisha kwa kiganja na kufunga mukono, njo bei yenye nguvu, itapanda bado. Leo wanaongeza, konzi ndogo. Magunia yangu ya mchele sijayafungua.

Jumatano, 6 Juni
Mufanya kazi wa treni ameleta habari ya Kibombo. Baba mukwe iko mugonjwa sana, anamwita binti yake. Zaina, muke wangu, anataka tuuze mchele leo tupate nauli. Nimemwambia tungoje kidogo. Sokoni hakuna matabishi hata punje. Makopo yote yamesawazishwa. Miaka yote sijaona bei yenye nguvu hivi.

Alhamisi, 7 Juni
Matabishi hakuna. Zaina amefunga mzigo wake, ameuweka mlangoni. Nimechoka na kununiwa.

Ijumaa, 8 Juni
Treni imeondoka bila sisi. Baada ya sala nimezunguka soko. Wanunuzi wachache. Jambo hilo limenisumbua, nikalipuuza. Matabishi hayajanidanganya hata siku moja.

Jumamosi, 9 Juni
Mujinga mimi.
Mama Sofia, muuza mchele, ameniuliza kwa nini siuzi. Nikamweleza. Akacheka mpaka akashika mbavu. Kumbe tangu Jumatano polisi wa soko anapita na fimbo: kopo ni kopo, anayejaza kilima atalala ndani. Wanawake wanaogopa tu. Bei haikuwa na nguvu yoyote. Mchana mchele mwingine umeshuka kwa treni, bei ikaporomoka. Jioni habari ya Kibombo imetufikia. Muzee amekufa.
Zaina ameniuliza neno moja tu: “Ulikuwa unangoja nini?”


Jumatatu, 11 Juni. Kibombo.
Tumeuza mchele wa nauli kwa bei ya kutupa. Uliobaki tumekuja nao. Tulikuta wameshazika. Wanawake wameupika mchele wetu, watu wa matanga wanakula. Nimekaa mkekani na wanaume. Zaina ameniletea sahani, akasimama mpaka nikaanza kula.