Kuku wa Bi Tatu

Jumapili, 9 Februari

Nimefua mashati mawili. Maji yamekatika kabla sijasuuza la pili, limebaki na povu lake kwenye beseni. Mama kapiga simu kutoka Iringa saa nane kamili, kama kila Jumapili. Umekwenda ibadani, Ezekiel? Nikasema ndiyo. Mahubiri yalihusu nini? Nikasema mwana mpotevu. Uongo juu ya uongo. Nina mwezi na nusu tangu nihamishiwe Ujiji na sijakanyaga kanisani. Kanisa letu liko Gungu. Bodaboda, dakika chache tu. Uvivu mtupu. Nalala chali natazama bati.

Nikishafunga maabara saa tisa na nusu siongei na mtu mpaka kesho yake. Kutwa nzima natazama damu za watu kwenye darubini, lakini watu wenyewe siwajui. Jana nilikohoa makusudi, nisikie sauti chumbani.

Alhamisi, 13 Februari

Leo nimekula chakula! Mwenye nyumba wangu ni Bi Tatu, mjane, mwanamke wa maneno makali. Kanikuta uani nachemsha tambi. Akasema, "Ramadhani, mwanangu, hicho ni chakula au adhabu?" Akaniita mkekani kwake. Ugali wa muhogo, samaki wa mgebuka wa mawese. Alikuwepo na Salumu, mtoto wa marehemu kaka yake, fundi wa mashine za boti, tuko rika moja. Tukanawa. Wakasema Bismillahi. Na mimi nikasema. Limenitoka lenyewe, wala sikulipanga.

Ndipo nikaelewa. Kwenye mkataba wa chumba niliandika E. Ramadhani. Kazini pia ni Ramadhani tu. Babu alikuwa Mwislamu, baba akabatizwa ukubwani, jina la babu likabaki mwishoni mwa majina yetu. Kwetu Iringa hakuna anayehangaika nalo. Ukoo mmoja una Ramadhani wa kanisani na Yohana wa msikitini, na msiba ukitokea wote wanachimba kaburi moja. Hapa wameona jina, wakanifungulia mlango. Nilipaswa kusema palepale.

Ule mgebuka ulikuwa mtamu jamani. Nitasema kesho.

Ijumaa, 14 Februari

Sikusema.

Jumatano, 19 Februari

Sasa sahani yangu inawekwa bila kuulizwa. Salumu ananipitia jioni tunakwenda kunywa kahawa, tunabishana mpira mpaka watu wanageuka. Amenipa jina, Daktari, ingawa nimemwambia mimi ni wa maabara. Nacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko changu kikoje.

Leo Bi Tatu alibisha, anataka kuona bati linapovuja. Kabla sijafungua nikabandua kalenda ukutani. Ni kalenda ya usharika wetu, aliyonifungashia mama. Ina picha ya kwaya mbele ya kanisa, mama yuko mstari wa pili. Nikaisukuma chini ya godoro. Bi Tatu akaona panapovuja, akasema atatuma fundi, akaenda zake. Kalenda sijairudisha. Kwa maana nyingine, usiku wa leo nitamlalia mama.

Jumatatu, 3 Machi

Mfungo wa Ramadhani umeanza. Bi Tatu hakuuliza kama nitafunga. Ameuliza tu kama napenda uji wa futari uwe na pilipili manga nyingi. Kazini, Neema, nesi wetu, Muha wa Kasulu, mwenye rozari ndogo kwenye funguo zake, kanitakia mfungo mwema. Hata Neema! Nilikuwa na nafasi nzuri kabisa ya kucheka na kumwambia, dada, mimi mwenzio. Nikasema asante.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Kwaresma yetu nayo imeanza, mfungo juu ya mfungo. Nimepata dawa ya dhamiri yangu. Nafunga kweli, toka alfajiri mpaka jioni, na nafunga kwa ajili ya Bwana Yesu. Wanaoniona wanadhani lingine, kosa langu liko wapi?

Ningekuwa wakili mzuri sana.

Ijumaa, 14 Machi

Nina aibu. Acha niandike yote.

Salumu amekuwa akinialika msikitini tangu mfungo uanze. Kila mara nilisema zamu, kichwa, zamu. Leo kanikuta kwenye geti la kazini, zamu imekwisha, hana habari na visingizio. Tumekwenda. Kwenye bomba nikavua viatu, nikatazama wenzangu wanavyotawadha, nikafuata. Mikono, mdomo, uso. Miguu yangu imelowa nikasimama kizingitini. Mzee mmoja kasogea kunipa nafasi, kanitabasamia. Ule uso mzuri ndio ulionitia kichaa. Nikatoa simu mfukoni, nikajifanya nimepigiwa. "Naam, mgonjwa? Nakuja." Nikaondoka mbio, viatu mkononi.

Hakuna aliyenilazimisha. Hilo ndilo linaloniuma. Nikisema mimi ni Mkristo hakuna atakayenipiga, hakuna atakayenifukuza. Mashahidi wa imani walitupiwa simba. Mimi nimeshindwa na uji wa futari.

Alhamisi, 20 Machi

Bi Tatu ana mpwa wake anayeishi mtaa wa Kasingirima, anaitwa Aziza, mwalimu wa chekechea. Amekuja kufuturu mara mbili. Mara ya kwanza mwiba wa mgebuka ulinikwama, akacheka mpaka akaomba radhi. Mara ya pili akanichambulia samaki wangu mwenyewe, kimyakimya, akasogeza sahani. Namwaza. Kwenye darubini namwaza.

Leo Bi Tatu kasema, Idi ikifika Aziza atashinda hapa, na wewe mwanangu uwe na shati la maana. Kila mtu mkekani kajua maana yake. Salumu kanipiga begani.

Basi ni hivi. Nikinyamaza tena nitapata mke, shemeji, mama wa pili, sahani kila jioni mpaka nife. Nikisema, narudi kwenye tambi. Nimejaribu kuomba na maneno hayakuja. Nimekaa tu kitandani nimeshika kalenda.

Jumapili, 30 Machi

Mama alipiga saa nane. Mahubiri yalihusu nini? Nikasema Petro. Sijui kwa nini nilimtaja Petro.

Nimekata simu tu, Bi Tatu huyu hapa mlangoni. Mwezi ukionekana leo, kesho ni Idi, na Salumu amekwama bandarini Kibirizi na mashine ya boti ya mtu. Nyumba haina mwanaume mwingine. Akanikabidhi kisu. "Nichinjie jogoo wangu, Ramadhani. Nyumba nzima itakula kwa mkono wako."

Jogoo. Mungu naye ana utani wake. Petro alimkana Bwana, akamsikia wa kwake akiwika. Wa kwangu alikuwa kimya, amefungwa miguu.

Nikachuchumaa. Bi Tatu akamgeuza kuelekea kibla, akambana mabawa, akatazama pembeni. "Haya, soma." Maneno nayajua. Kuchinja najua. Sekunde tatu tu, na hakuna ambaye angejua milele. Nikautazama mkono wake, ule unaonipakulia, umeshika bawa bila wasiwasi wowote. Alikuwa ameniamini hata kwenye kinachoingia mdomoni mwake. Kudanganya juu yangu nilikuwa nimezoea. Kumlisha kibudu mama wa watu siku ya Idi, aombe Mungu wake akiwa nacho tumboni, hapana. Nikaona uongo wangu ulikuwa umefika wapi.

Nikasema, "Siwezi, Bi Tatu. Mimi ni Mkristo."

Alicheka kwanza. Halafu akaacha.

"Tangu lini?"

"Tangu kuzaliwa. Naitwa Ezekiel."

Akakichukua kisu mkononi mwangu. Akakifuta kwenye kanga ingawa kilikuwa safi. Akauliza, na mfungo wote ule nilikuwa nafunga nini? Nikasema Kwaresma. Akasema nyumba hii imepangisha Wakristo tangu mumewe yu hai, na hakuna aliyetoka hapa na njaa. "Ungesema, ningekuwa nakupikia mchana. Sasa mimi niliyekuwa nampakulia ni nani?"

Akamnyanyua jogoo, akatoka kwenda kutafuta mtu wa kumchinjia mtaani.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Nimesikia takbira, nimesikia watoto na nguo mpya. Nimesikia sufuria zikifunuliwa. Pilau ilipita dirishani kwangu ikaenda zake. Aziza alikuja, dera la njano. Hakutazama upande wa mlango wangu hata mara moja.

Nimechemsha tambi. Zimenishinda. Nimelia, tena kwa kelele, na mto mdomoni.

Nilidhani nikishasema ukweli nitajisikia mwepesi. Nani alisema hivyo? Najisikia mwizi aliyerudisha mali.

Jioni nimetundika kalenda mahali pake.

Jumatano, 2 Aprili

Kila asubuhi, "Shikamoo, Bi Tatu." Kila asubuhi, "Marahaba." Basi. Hamna mwanangu, hamna umeamkaje. Salumu karudi. Nilimsubiri kwenye kahawa. Alikaa, akanywa kikombe kimoja, akasema, "Ungesema tu, bwana. Mbona mpira tunabishana na tunakaa?" Akalipa vikombe viwili, akaondoka. Afadhali angenitukana.

Jumapili, 6 Aprili

Nimekwenda Gungu. Nilifika mapema mno, nikakaa benchi la nyuma kama mgeni wa harusi asiye na kadi.

Baada ya matangazo wageni wakaambiwa wasimame, wajitambulishe. Tulikuwa wawili. Nikasema naitwa Ezekiel Ramadhani, natokea Iringa, niko Ujiji. Pakawa na minong'ono. Mzee wa kanisa uso ukang'aa, akaja na kipaza sauti mpaka benchi langu. "Bwana asifiwe! Ndugu Ramadhani, umempokea Yesu lini?" Makofi. Akina mama wakapiga vigelegele. Watu wakageuka, nyuso zote zinanipenda. Nikaliona jina langu linafanya kazi ileile, upande wa pili.

Na ilikuwa tamu! Wiki nzima sijatazamwa vizuri na mtu. Nilichotakiwa ni kuinamisha kichwa tu. Kunyamaza, kazi ninayoiweza kuliko zote. Niliuona ule mkeka, umetandikwa tena.

Nikasema hapana, mzee. Nimebatizwa nikiwa mchanga. Miezi mitatu hii nilikuwa hapo Ujiji nalala Jumapili, na majirani zangu Waislamu nimewadanganya kuwa mimi ni mwenzao, kwa sababu nilikuwa mpweke na walikuwa na chakula.

Kigelegele kimoja kilikatikia katikati. Neema alikuwa benchi la tatu, kumbe kwaya ya kanisa lao la Kikatoliki ilialikwa leo kwetu. Kashika mdomo. Mzee wa kanisa akakohoa, akasema karibu, akamwendea mgeni wa pili.

Kutoka nje waliniamkia wachache. "Mwakeye," kaniamkia bibi mmoja kwa Kiha, akanishika mkono kwa mikono miwili, akaendelea na safari yake. Hakuna aliyeniuliza nakula wapi.

Mama kapiga saa nane. Nikamwambia yote, toka Februari. Halafu akauliza, "Leo mahubiri yalihusu nini?" Nikamsimulia. Yote, mpaka zaburi. Alikuwa analia lakini alisikiliza.

Jumamosi, 12 Aprili

Sasa Neema ananiita Ezekiel, kila mara anacheka akilitaja. Fundi wa bati amekuja, ametumwa na Bi Tatu. Hajasahau. Bati halivuji tena.

Jioni bado ni ndefu. Nimejipikia wali, umeungua chini. Aziza nimesikia amechumbiwa, au anachumbiwa, sikuuliza vizuri. Imeniuma. Sijutii niliyoyasema. Najutia kuchelewa.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu. Ibada asubuhi, kisha nyumbani. Nimefunga.

Saa saba mchana mlango ukabishwa. Bi Tatu, na sahani iliyofunikwa sahani. Hakuniangalia. "Ezekieli," akasema. Mara ya kwanza. "Nilisema ningekupikia mchana. Kula."

Mungu wangu. Harufu ya mawese ikajaa chumba. Karibu wiki tatu nimeisubiri hiyo sahani. Na ingekuwa rahisi kiasi gani kupokea, kushukuru, kufunga mlango.

"Bi Tatu, nisamehe. Leo nafunga. Ni siku aliyokufa Bwana wetu."

Akanitazama hasa. Akatazama ukutani nyuma yangu, kwenye kalenda. Mdomo ukamcheza kidogo, kwa hasira au kwa kicheko, sijui. "Wewe mtoto. Basi kufunga ndiyo kazi yako." Akageuka na sahani yake. Mlangoni kwake akauliza bila kugeuka, "Mpaka saa ngapi?"

Nikasema mpaka jioni.

Jioni adhana ilipoanza, nilisikia sahani ikiwekwa juu ya stuli nje ya mlango wangu. Nilipofungua alikuwa amesharudi mkekani na Salumu. Hawakuniita. Sikutegemea.

Nimekaa kizingitini, mlango wazi. Nimesali kwa sauti, kwa jina la Yesu, mpaka amina. Kisha nimekula. Mgebuka, wa mawese. Mwiba ulinikwama kidogo, nikameza tonge kavu, ukashuka. Hakuna aliyenicheka.

Nimeosha sahani. Kesho asubuhi nitamrudishia.