Siku Nilizomnunia Odilia

Jumatatu, 2 Julai 1984

Leo kaja mwanamke na lori la shamba la ngano. Odilia, mtu wa Songea, wa hospitali. Kazi yake eti kufundisha watoto kusema! Mimi nilifundishwa na nani? Mimi niliyegombana na simba kule Yaeda Chini kwa maneno matupu, akaondoka na aibu yake!

Aliyemwita ni Letisia, mke wa mwanangu. Mjukuu wangu Zita ana miaka mitano, hasemi. Masikio mazima. Ananyoosha kidole tu.

Nimewaambia dawa ni kumkata kilimi kooni. Hhando, mkata vilimi wetu, nimeshamwita, aje na kisu chake Jumatatu ijayo.

Odilia kasema kilimi hakina kosa, mtoto atatoka damu bure. Nikamwuliza, umezaa wangapi? Hehe!

Jumatano, 4 Julai

Karudi. Kampa Zita manyoya ya kuku ayapulize. Kapuliza kweli — mpaka kwenye uji wangu. Nikauliza, hii ni shule au tunanyonyoa kuku? Letisia hakucheka.

Makande yakaiva. Zita akanyoosha kidole. Nikamsemea kama siku zote, "Shikamoo babu, naomba kande." Nikaitikia mwenyewe, "Marahaba mjukuu wangu." Nikapakua. Ndivyo tunavyofanya, mtoto asionekane hana adabu.

Odilia akanishika mkono wenye upawa. Mkono wangu! Mbele ya mkwe! Eti mzee, maneno yake yote unayamaliza wewe, yeye anabaki na nini? Eti shikamoo itakuja baadaye, kwanza aombe chakula. Nikae kimya, nimngoje.

Mtoto bila shikamoo ni mbuzi! Nimemfukuza Odilia. Letisia kalia: "Baba, ukianza wewe hata kombaini ya kuvunia ngano haisikiki."

Vizuri. Siongei tena na mtu nyumba hii. Watanitafuta!

Ijumaa, 6 Julai

Bado nimenuna. Tumbo limejaa hadithi. Naandika nisipasuke. Asante kisomo cha watu wazima.

Jumamosi, 7 Julai

Haya! Mchana Zita kaja na bakuli, kanyoosha kidole kwenye chungu. Sisemi. Kanitazama mdomo. Akangoja. Nikangoja — mimi ndiye bingwa wa kununa toka Maretadu mpaka Dirma. Mwisho akavuta pumzi kama anapuliza yale manyoya. "Ka. Kande."

Upawa ukanidondoka.

Letisia anataka kumpelekea Odilia habari. Odilia! Ni hasira zangu zilizomtoa neno, si manyoya yake! Jioni nikamwambia Zita sema tena, sema shikamoo, sema babu hodari. Kafunga mdomo kabisa.

Jumatatu, 9 Julai

Hhando kafika. Ananoa kisu uani. Niko ndani na daftari, Zita mbele yangu. Letisia kasimama mlangoni na mchi, anasema, "Mtoto keshatamka neno! Nikate mimi kwanza."

Hhando anacheka. "Mzee, mwambie mkweo apishe! Kama mtoto anasema, nimsikie mwenyewe, niende zangu. Asiposema, njoo umshike kichwa."

Maneno ninayo, ya kumfukuza Hhando mpaka Singida! Lakini nikianza mimi, Zita anafunga mdomo. Ananitazama mdomo. Kidole hakunyoosha. Anavuta pumzi —

Hhando anaita tena. Letisia naye: "Baba, sema kitu!"

Sisemi.