Folda ya Gordy

Jumatano, 8 Januari 2025

Laptopu imekufa. Kioo cheusi, na ndani kitu kinagonga — tik, tik, tik — kama kuku anayedonoa bati.

Na aliyeiua namjua. Gordy Trulsen, jirani yangu. Jana alirusha theluji yake yote kwenye njia yangu ya gari, kama kawaida yake. Pikapu ikashindwa kuingia. Nikaiacha barabarani, nikakipanda kile kilima chake cha theluji kwa magoti na mifuko ya vyakula, laptopu ikabaki kwenye kiti. Ikalala nje kwenye baridi ya kugandisha mate. Asubuhi nikaileta ndani, nikaiweka kando ya jiko la kuni, nikaiwasha hapo hapo. Huku hata mtoto wa darasa la kwanza anajua: kitu kikitoka kwenye baridi ile, kiache kwanza kipumue. Nilikuwa na haraka. Haraka ya nini? Ya kumtazama Gordy!

Maana mle ndani yumo. Misimu mitatu ya baridi, video juu ya video, zote nimezipiga kutoka dirisha la jikoni. Gordy na mashine yake nyekundu, theluji ikiruka kuja kwangu. Baraza la mji litasikiliza shauri letu Jumanne, tarehe 21. Karani alishaniambia: bila picha, ni neno lako na neno lake.

Leif, mume wangu, naye yumo, kwenye folda yake. Video za mwaka wake wa mwisho. Sijazifungua tangu tumzike. Nilijua tu zimo, na hiyo ilinitosha.

Alhamisi, 9 Januari

Troy, mkwe wangu, kaichomoa diski. Anasema tuitie kwenye friza: ikiganda, vyuma vinajikunja na kuachia. Rafiki yake wa kazini alifanya hivyo, ikapona. Nikamwambia baridi ndiyo iliyoiua. "Ile ilikuwa baridi ya nje, mama," akasema.

Ndivyo tulivyo huku. Kila kitu tunakitia kwenye friza, mengine tunamwachia Mungu. Diski sasa imelala kwenye mfuko wa nailoni, kati ya samaki na paja la kulungu. Sikubisha. Huku hatugombani. Tunasema "haya, tuone", kisha tunakaa na kinyongo mpaka kaburini.

Changu ni cha Gordy. Nilipofunga friza nikaiona trei yake kwenye rafu, ile ya kioo, jina lake limebandikwa chini kwa utepe. Aliniletea viazi na nyama wiki ya msiba. Leif alimpenda, walivua pamoja kila kiangazi, na nikilalamika juu ya theluji alicheka tu. Mimi sicheki.

Trei ya mtu hairudi tupu. Mama yangu alinifundisha hilo kabla hajanifundisha kusali. Weka hata biskuti mbili. Haya. Nimeiosha, nimeikausha. Kesho inarudi kwao.

Ijumaa, 10 Januari

Tupu!

Nilibisha hodi, nikampa kwa mikono miwili, nikitabasamu. Akafunua taulo. Akaangalia ndani. Akaniangalia mimi.

"Safi kabisa, Marlys," akasema. "Hukupaswa kuhangaika."

"Wala sikuhangaika, jirani."

Masikio yalimwiva mekundu. Nimetembea kurudi nyumbani kama niliyebeba kombe. Kutesa kwa zamu.

Diski imetoka kwenye friza. Ikatoka jasho, ikagonga mara chache, ikanyamaza. Troy anasema labda tungeiacha zaidi. Nikamwambia labda. Jumapili akija kula, kipande chake cha nyama kitakuwa kile cha mwisho wa sufuria.

Jumatatu, 13 Januari

Troy kaipeleka diski Minneapolis, kwa mafundi wa kufufua. Nimemwomba msamaha moyoni kwa ile nyama. Nusu tu.

Theluji tena. Gordy katoka, karusha, kanipungia mkono na ile glavu yake kubwa. Nami nikampungia. Nilitaka kumpiga video — simu yangu ni mpya, bado najifunza mahali pa kubonyeza. Nimepiga kidole changu.

Alhamisi, 16 Januari

Fundi kapiga simu. Binti anaitwa Mai Vang, sauti ya upole, ya daktari mwenye habari mbaya.

"Mama, sitakuficha. Uso wa diski umekwaruzika. Nikiizungusha, huenda ikanisomea folda moja kabla haijafa kabisa. Zaidi ya hapo siahidi. Nianze na ipi?"

"Gordy."

Nilimjibu kabla hajafunga mdomo.

"Kuna nyingine hapa imeandikwa Leif. Una uhakika?"

Nikamwambia nina uhakika. Za Leif anazo binti yangu Kirsten, ndiye aliyezipiga kwa simu yake. Anza na Gordy, mwanangu, nina shauri Jumanne.

Kahawa yangu haikuwa hata imepoa.

Ijumaa, 17 Januari

Gordy katoka mzima, sauti na kila kitu. Leif hakutoka. Diski imekwisha.

Sikushtuka. Nikampigia Kirsten anitumie za kwake.

Akasema: "Mama, ile simu ilizama ziwani Julai. Nilikwambia. Zilizobaki ni zile tu nilizokuwekea wewe."

Aliniambia. Siku ile nilikuwa dirishani, namchungulia Gordy, sikumsikiliza.

Sauti ya Leif siikumbuki vizuri. Maneno nayakumbuka, namna alivyoniita nikumbuke kuvaa kofia. Sauti yenyewe ndiyo inanitoroka. Nimelia nimesimama gereji mbele ya friza, mwanamke mzima, mlango wazi, samaki wananitazama.

Kirsten kapiga tena baadaye. "Mama, usinikasirikie. Gordy anazo. Kila samaki aliyevuliwa kwenye boti yao, Gordy alirekodi. Mwombe."

Gordy!

Jumapili, 19 Januari

Troy kaniletea flashi. Nimezitazama zote mezani. Safi. Uso wake, mashine yake, nyumba yangu, tarehe pembeni. Hakuna baraza duniani litakalomwacha mtu huyu.

Mpango ni huu. Kesho naoka zile keki za mraba za chokoleti, trei nzima. Naenda kwake. Namchukua Leif. Jumanne namzika Gordy. Kwani dhambi? Alianza yeye.

Jumatatu, 20 Januari

Nimerudi sasa hivi kutoka kwa Gordy. Hata koti sijavua.

Alinikaribisha, akanimiminia kahawa. Tukazungumza baridi. Tukazungumza barafu ya ziwani, kama inabeba gari au bado. Akala keki moja, akaisifu. Akala ya pili. Nikaona huyu kalainika. Nikamwambia yaliyoipata diski, ila folda yake sikuitaja. Nikamwomba video za Leif.

"Ninazo," akasema. "Nyingi tu. Pole sana, Marlys."

Akatoa simu, akatafuta kwa kile kidole kinene, akaiweka mezani kati yetu. Maji. Ukingo wa boti. Na Leif, mgongo wake, kofia yake ya kijani, anacheka! Ndiyo sauti yenyewe. Ile ile. Akageuka, akasema, "Gordy, shika wavu, huyu ni—"

Gordy akaizima.

Akaifuta simu kwa shati, taratibu, akairudisha mfukoni.

"Mimi na mitambo hatupatani," akasema. "Kuzituma ni kazi. Njoo Jumatano, tutakaa tuzihamishe zote."

Jumatano. Baraza ni Jumanne. Nikienda, Leif simpati. Nikamwangalia, naye akaniangalia, mpole kama mzee wa kanisa.

"Kesho utakuwa mjini?" akaniuliza.

Nikasema sijajua. Nikasema inategemea hali ya hewa.

"Ni kweli. Inategemea hali ya hewa."

Akainuka. Akazihamisha keki zangu moja moja kwenye sahani yake, bila haraka. Akaiosha trei yangu, akaikausha, akaifunika kwa taulo langu, akanipa kwa mikono miwili. Akanifungulia mlango. Sikuhitaji kufunua.

Trei iko hapa mezani. Flashi nimeiweka ndani yake, maana sikujua niiweke wapi. Theluji imeanza. Nasikia mashine ya Gordy inawaka. Simu yangu iko mkononi, na sasa najua mahali pa kubonyeza ili irekodi.