Saa za Kungoja Treni

Jumatatu, 6 Agosti 1951
Upepo mchana kutwa. Vumbi limeingia hata kwenye kopo la chumvi. Treni ya mizigo ilitakiwa saa tano, ikafika saa kumi kasoro. Muda wote huo nimelinda moto wa boila — ukizima, kupandisha mvuke tena ni saa mbili nzima, na injini haivuki hapa bila maji. Mwaka wa kumi na nne sasa niko kwenye pampu hii.

Shemeji Andrea, kaka wa marehemu mke wangu Yunisi, amefika kwa baiskeli kutoka Sepuka. Siku mbili njiani. Wazee wamepanga kumaliza matanga ya Yunisi Jumamosi tarehe 25. Wamepanga mara mbili kabla ya hii, mara mbili sikupata ruhusa. Mume asipokuwepo kunyolewa pamoja na wafiwa, msiba haujaisha. Mama mkwe analala chini, juu ya ngozi, tangu Aprili. Andrea hakunigombeza. Alisema tu, "Shemeji, mama amechoka kulala chini."

Jumatano, 8 Agosti
Andrea ameondoka alfajiri. Nimemwomba stesheni masta, Leonidas, siku saba. Anasema yeye hana neno, lakini nani atapampu maji? Kuna mtu mmoja tu wa kushika nafasi, yuko Manyoni, na siku hizi wanampeleka kwa wanaofanya kazi zaidi ya saa sitini kwa juma. Karani anakuja kuhesabu.

"Basi umepata, Mzee Melkizedeki," akasema Leonidas. "Wewe hata mbu wa hapa wanajua zamu yako."

Nilicheka. Muda mrefu sijacheka.

Alhamisi, 16 Agosti
Karani ameshuka na treni ya abiria. Anaitwa Bonaventura, ana kalamu mbili mfukoni. Akaniamkia shikamoo vizuri. Siku nzima ameketi na vitabu vyangu vya zamu, tangu 1937. Alasiri akaniita, uso umemchangamka. Mwaka 1938, saa themanini na mbili kwa juma. Mwaka 1943, sabini. Mwaka 1947, hamsini na nane. Mwaka huu, arobaini na nne.

"Mzee wangu, mnastarehe. Kila mwaka zinashuka."

Nikamwambia treni zimeongezeka. Zamani nne kwa juma, sasa kumi na moja. Akasema hahesabu treni, anahesabu kilichoandikwa.

Nikaangalia kilichoandikwa. Mwandiko ni wangu.

Wakati wa vita stesheni masta wa zamani alituagiza: pampu ikizunguka andika kazi, ukingoja andika mapumziko. Niliona ni adabu tu. Mtu aliyekaa juu ya gogo ataiandikiaje serikali kwamba anafanya kazi? Hata Yunisi, nilipokuwa nasoma kitabu kwa sauti, alikuwa akisema, haya, leo umepumzika sana, lete huo uso niufute masizi.

Treni zikazidi kuchelewa, kungoja kukazidi kurefuka, na mimi nikazidi kupumzika.

Ijumaa, 17 Agosti
Sikutaka kuufungua ukurasa ule. Nimeufungua. Jumanne, 17 Aprili. "Saa nne hadi saa tisa: mapumziko."

Yunisi alikuwa na homa siku ya pili. Kawaida uji ukiiva aligonga sufuria mara mbili, nami nasikia. Nyumba ni hatua mia mbili kutoka hapa. Siku ile hakugonga. Nikasema amelala, acha alale. Mshale wa kipimo cha mvuke ulikuwa unapanda na kushuka, nisingeweza kutoka. Treni ikaja saa tisa, ikanywa, ikaondoka. Nilipofika nyumbani mwili wake ulikuwa umeshapoa.

Jioni ile nilirudi nikajaza kitabu kama kawaida.

Jumapili, 19 Agosti
Sikwenda kanisani. Mgongo.

Jumatano, 22 Agosti
Karatasi ya Bonaventura iko kwa Leonidas. Niweke sahihi, iondoke kesho kwa treni ya mchana. Leonidas amenieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mgonjwa. Nikisaini, saa zangu ni arobaini na nne, mtu wa nafasi haji. Nikikataa, saa za kungoja zikihesabiwa ninapita sitini, lakini ninakiri nimeandika uongo miaka mingi katika kitabu cha serikali. Watu wamefukuzwa kwa madogo kuliko hilo.

"Saini, Mzee. Mwaka ujao tutakuombea likizo."

Mwaka ujao mama mkwe atakuwa analala wapi?

Andrea amerudi. Amekuja na baiskeli ya pili ya kuazima, akiiongoza kwa mkono mmoja njia nzima. "Hii ni ya katekista," amesema. "Ukianguka, anguka wewe. Yenyewe usiiangushe." Tumekula ugali. Lazima tuondoke kesho, la sivyo hatuiwahi Jumamosi.

Alhamisi, 23 Agosti
Moto nimeuwasha saa kumi na moja alfajiri. Treni ya mchana inatakiwa saa saba.

Saa tano nilimwacha Andrea na kuni, nikaenda ofisini. Nilishika kalamu. Karatasi sikuigusa. Niliomba kitabu, nikafungua 17 Aprili, nikapiga mstari juu ya lile neno, nikaandika kando yake: kazini. Nikaweka jina langu. Kisha ukurasa uliofuata, na uliofuata.

Leonidas alisimama. "Mzee, unajichongea mwenyewe."

Nikamwambia apige simu Manyoni, awaambie kila kitu, na awaombe mtu wa nafasi. Akikubaliwa, anafika jioni hii hii.

Saa saba na nusu. Treni haijaonekana. Nimerudi kwenye boila, kitabu nimekuja nacho. Kupitia dirisha la ofisi namwona Leonidas ameshika simu. Anaitikia kwa kichwa. Sasa amegeuka, ananipa mgongo. Andrea ameuliza kama tuuzime moto twende tu. Nimemwambia bado, tangi halijajaa.

Nane kasoro. Leonidas bado ameshika simu. Nimefungua ukurasa wa leo. Saa saba hadi sasa, nikingoja: kazini.