Kishingo wa Mama Stumai

Jumatatu, 14 Julai 2025

Nimefika Ikungi! Kutoka Ndola mpaka hapa ni basi juu ya basi — makalio siyasikii tena. Shangazi Flora kanipokea kwa vigelegele, peke yake, majirani wakachungulia wakidhani kuna harusi. Kaniangalia juu mpaka chini. Eti huko Zambia hawali? Nimeshindiliwa ugali na mlenda hadi kuinuka kazi.

Sasa, kilichonileta: nyumba na shule. Mume wangu Kabwe kaitwa na kiwanda cha kukamua alizeti hapahapa Ikungi, awe fundi wa mashine. Jibu wanalitaka Jumatatu ijayo. Ningekuwa mimi, ningejibu leo! Miaka yote nimeishi ugenini, nataka na mimi kuamka nisikie Kinyaturu dirishani. Lakini Kabwe kasema wazi: Mutale akikataa, hatuhami. Mtoto wa miaka kumi na moja haburutwi kama begi.

Na Mutale kakataa. Chola mdogo wake hana neno, popote penye ugali.

Jumanne, 15 Julai

Singida mjini, nyumba ya Mama Stumai. Vigae, geti, tanki la maji juu. Nikasema moyoni, ndiyo hii! Mara upepo ukavuma — mama yangu! Madirisha yote mluzi, mlango wa jikoni ukajibamiza nikaruka. Mama Stumai wala hakushtuka. Anasema nitazoea. Tena ni mbali na kiwanda. Nikakataa kwa adabu.

Kumbe alisoma na marehemu mama! Basi, niondoke mikono mitupu? Thubutu. Kaniletea kuku jike, kishingo, shingoni hana unyoya hata mmoja, miguu imefungwa kamba ya katani. Nyumba nimekataa, kuku nimepewa. Nimerudi naye Ikungi, njia nzima ananitazama kwa dharau kama mama mkwe.

Jioni nikampigia Mutale video. Kanuna. Ananijibu kwa Kiingereza, neno mojamoja. Nikambembeleza, akasema huku hatakuwa na mtu wa kuongea naye, na Kiswahili chake watakicheka. Iliniuma.

Jumatano, 16 Julai

Shule. Hii nimeipenda mpaka naogopa! Nimeingia tu darasa la tano, watoto wote wima: Shikamoo mama! Machozi yakanilengalenga, nikajifanya napenga kamasi. Choo cha wasichana nimekikagua mwenyewe — safi, maji yapo. Mwalimu Hezekia ni mpole, ana kicheko cha tumbo. Anasema Kiswahili Mutale atakishika uwanjani kabla ya darasani. Ila arudi nyuma darasa moja kwanza.

Nikamwambia Mutale. Arudi nyuma?! Akakata simu.

Alhamisi, 17 Julai

Leo nimefanya ujinga.

Nimekwenda kwa Mzee Mughwai kuona nyumba yake ya pili, jirani kabisa na shule. Nikamwamkia, nikasimama nimwombe funguo. Aa wapi! Mkewe, mama Kristina, kuku ameshachinja. Kula kwanza binti, anasema mzee, nyumba haikimbii. Nami njaa ilikuwa inauma, na kuku wa huku nimemkosa miaka. Nikakaa. Mzee kwa mkono wake akaniwekea firigisi kwenye sahani. Nikaitafuna huku nikisifia!

Ndipo tukaenda kuona nyumba. Kwa kweli si mbaya. Vyumba vitatu, umeme upo, uwanja mpana, banda la kuku limejengwa kwa tofali. Bafu liko nje, rangi imechoka. Nikasema nitafikiria.

Nikamsimulia shangazi. Akaacha kupepeta mtama. Umekula firigisi yake? Nimekula. Na hukuwa umeiona nyumba? Sikuwa nimeiona. Akapiga makofi. Basi mwanangu, nyumba umeshaichukua! Mtu mzima anajinyima firigisi akakupa wewe, halafu ukamwambie hapana? Utapita wapi hapa Ikungi?

Nimecheka. Nyumba ninayo, na mtoto sina.

Ijumaa, 18 Julai

MUTALE KACHEKA!

Nilikuwa nimekaa uani, simu mkononi, yeye kanuna vilevile. Yule kishingo akapita nyuma yangu anachakura. Mutale akasogea mpaka pua ikajaa kioo. Akaniuliza — kwa Kiswahili! — mama, nani kamnyang'anya skafu? Nikacheka, akacheka, hatukuweza kunyamaza. Maswali sasa! Baridi hasikii? Analala wapi? Kwa nini wenzake wana shingo? Nikamwambia nyumba tuliyoipata ina banda lake la tofali. Akasema anaitwa Skafu. Akasema tena: usimle mpaka nimwone.

Mpaka amwone! Sasa kutoka Ndola atamwonaje?

Jumamosi, 19 Julai

Naandika chumbani, mlango nimeusukumia begi.

Mzee Mughwai na mama Kristina wako sebuleni. Shangazi ndiye aliyewaita, waje kula na kupewa neno la nyumba. Mzee kachinja, na sisi tunachinja, ndivyo inavyokwenda. Mgeni wa hivyo ukimpa maharage umemwambia nyumba yako hatuitaki. Keshokutwa ataipangisha kwa mwingine, na karibu na shule hakuna nyingine, nimezunguka.

Na hapa kwa shangazi wa kuchinjwa ni nani? Matetea wawili wanaatamia. Jogoo haguswi na mtu. Amebaki Skafu.

Nilimwambia shangazi! Nikamweleza yote, Mutale, jina, skafu. Alicheka mpaka akajifuta macho kwa khanga. Kuku ana jina? Haya, leo tunamla Skafu! Akabandika jikoni maji ya kunyonyolea.

Nikamnyakua uani wakati shangazi anakaribisha wageni. Nimempakata hapa, nimemfunika kitenge. Moyo wake unadunda kwenye kiganja changu, au ni wangu. Mwanamke mzima, mama wa watoto wawili, najificha na kuku!

Kabwe kaandika saa hii. Anasema Mutale yuko na sindano za kufumia tangu asubuhi, anafuma kitu chekundu, chembamba, hata mkono wa Chola hauingii. Anamkatalia baba yake kusema ni cha nani. Kauliza tu Ikungi kuna baridi mpaka mwezi gani.

Nimelia kidogo. Kwa furaha, basi.

Maji yanachemka, nayasikia. Mzee Mughwai anakohoa kile kikohozi cha mtu mwenye njaa na heshima zake. Shangazi yuko mlangoni, anaongea taratibu, kwa Kinyaturu, ananiambia nimtoe kuku tusiaibike. Simu nayo inaita. Ni Mutale, kwa video —

Skafu kasikia mlio, katoa shingo nje ya kitenge.